Miaka ya Kututosha

Leonard Garrod alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu zake ndizo zilizowaponza. Hakuwa mlevi, hakucheza kamari, hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani ya maduka kusini mwa London, aone kama ratili ya mwuza nyama ni ratili kweli, na akirudi nyumbani jioni aliendelea kupima. Mtu wa namna hiyo ukimwambia amekosea, atakuomba kalamu.

Fleti ya Streatham, ghorofa ya tatu katika jumba la Corfield, aliinunua wakati mwanawe Howard ana miaka mitano na binti yake Marian bado anabebwa. Nasema aliinunua, lakini hilo nalo ni neno tu. Huku Uingereza unaweza kutoa akiba yako yote, ukapewa funguo, ukapaka rangi uipendayo, na bado nyumba isiwe yako. Ulichonunua ni miaka. Miaka ikiisha, fleti inarudi kwa mwenye ardhi pamoja na rangi yako na makabati yako na vigae ulivyobandika bafuni kwa mikono yako mwenyewe, na yeye hajawahi hata kupigilia msumari. Watu wa nje wakisikia hudhani natia chumvi. Laiti!

Fleti ya akina Garrod ilikuwa imebakiza miaka hamsini na kitu, ndiyo maana bei yake ilikuwa ya kuvutia. Enid, mkewe Leonard, aliuliza swali moja tu: "Na ikiisha?"

"Itatuzika, mpenzi," alisema Leonard. Ndivyo wasemavyo wengi wanaonunua miaka iliyopungua. "Mimi na wewe itatuzika wote wawili na chenji itabaki."

"Na watoto?"

"Marian ataolewa."

Kuhusu Howard hakusema kitu, na Enid hakumuuliza tena, kwa sababu wote wawili walijua. Howard alizaliwa na hali ile iitwayo Down, ambayo daktari huiona usoni mwa mtoto kabla mama hajamaliza kumhesabu vidole. Siku ile ile waliambiwa wasimzoee sana. Akifika ishirini, alisema daktari, washukuru. Basi Leonard alikuwa ameshamtia mwanawe kwenye hesabu, akamtoa.

Howard akafika ishirini. Akafika thelathini, akakata keki mwenyewe na kumpaka dada yake krimu puani. Miaka hiyo hiyo sheria ikabadilika: mwenye fleti akapewa haki ya kuongezewa miaka tisini, mwenye ardhi apende asipende, mradi alipe. Jumba zima la Corfield likachangamka. Majirani wakatafuta wakili mmoja, wakalipa kwa pamoja, na wakati ule bei haikuwa ya kumtoa mtu roho. Leonard peke yake akakataa. "Iliyobaki inatutosha," aliwaambia majirani waliokuja kumshawishi. Enid alielewa ilikuwa inamtosha nani na kwa sababu gani. Akawamiminia wageni chai, akanyamaza. Leonard alikufa kwa moyo akiwa bado na uhakika wake, na jeneza lake likabebwa na Howard pamoja na wengine.

Sasa Enid alikuwa na miaka themanini na minne, Howard hamsini na saba, na mkataba wa fleti ulikuwa umebakiza minne.

"Bi Garrod," alisema wakili, mwanamke mfupi aitwaye Bi Sethna, mwenye ofisi juu ya duka la mikate, "ungekuja kwangu miaka thelathini iliyopita ningekukumbatia. Ukija leo naona tabu hata kufungua mdomo."

"Fungua tu. Mimi si yai."

"Kuongeza miaka, haki unayo. Ila miaka inavyopungua ndivyo bei inavyopanda, na yako imebaki ya kuhesabu kwa vidole. Gharama yake ni karibu sawa na kuinunua fleti upya."

"Yaani niinunue nyumba yangu?"

"Ndiyo."

"Mara ya pili."

"Samahani sana, Bi Garrod. Ndiyo."

Howard, ambaye alikuwa akizimaliza biskuti za wakili bila kukaribishwa, aliinua kichwa. "Mama ana nyumba," akamweleza Bi Sethna kwa upole, asije akawa hajui. "Ghorofa ya tatu."

"Na tukikaa tu mpaka iishe?" Enid aliuliza.

"Mwenye ardhi atakudai kodi ya soko. Pensheni yako itakuweka humo wiki moja kila mwezi, hizo nyingine sijui utalala wapi. Baadaye serikali ya mtaa itawatafutia mahali." Bi Sethna akavua miwani. "Mahali pawili, nadhani. Yeye kwake, wewe kwako."

Enid alishuka ngazi za ofisi ile akiwa ameshika mkono wa mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu Leonard azikwe alimtukana, kwa sauti, mbele ya foleni ya watu wanaonunua mikate.

Kilichomtia hofu hakikuwa uzee wake. Howard alikuwa ameanza kusahau. Ugonjwa huo huwapata watu wa hali yake mapema, na wake ulikuja kwa miguu ya paka. Kila Jumamosi, kwa miaka mingi, alikuwa akisugua vifuniko vya shaba vya matundu ya barua kwenye milango yote ya jumba, na majirani wakimlipa kwa peremende na porojo. Mwaka ule jirani wa ghorofa ya pili alimkuta amesimama mbele ya mlango usio wake, kitambaa mkononi, analia kwa sababu Mama hataki kumfungulia. Lakini ndani ya fleti yao alikuwa bado mtu mzima. Alijua choo kilipo, alijua birika, alijua kitanda chake, na usiku akiamka aliweza kutembea gizani bila kugusa ukuta. Muuguzi wa kliniki ya kumbukumbu alimwambia Enid waziwazi: "Usimhamishe. Pale anapajua kwa miguu, si kwa kichwa. Ukimtoa pale, mama, hutampata tena." Enid aliyameza maneno hayo kama dawa chungu. Mwanawe afie nyumbani kwake, basi; hakuomba jingine.

Marian alikuja Jumapili kutoka Swindon, ambako aliishi na mumewe Keith na alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Walikula nyama ya tanuri na viazi, Howard akadokoa viazi vya dada yake kama kawaida, kisha akawekwa mbele ya televisheni atazame watu wanaogonga mipira mezani kwa fimbo.

"Mimi na Keith tumelipa nyumba yetu yote," alisema Marian, akikwepa macho ya mama yake. "Tukiiweka rehani, benki itatoa. Nimeuliza."

"Mungu akubariki."

"Usinibariki bado. Kila mwezi nitalipa mpaka nione nyota. Keith hana kazi tangu kiwanda kifungwe, analala na hesabu, anaamka nazo. Anasema fleti ikiuzwa baadaye pesa zitarudi, sawa, lakini hiyo baadaye ni lini? Tutakula nini mpaka hapo?"

"Sema unachotaka kusema, Marian."

Marian akakunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Nilizungumza na daktari wa kliniki. Kwa jinsi Howard anavyokwenda, ana miaka mitatu. Pengine asifike. Na mkataba una minne, Mama." Sauti ikamshuka. "Unatosha."

Enid akainuka akaweka maji ya chai. Ndivyo walivyo watu hawa: hata nyumba ikishika moto, birika kwanza. Alisimama akilitazama mpaka likachemka, na lilipochemka hakulishika.

"Baba yako alikaa kwenye kiti hicho hicho," alisema bila kugeuka, "akasema neno hilo hilo. Na mimi nikamimina chai. Safari hii sitamimina."

"Sisemi afe!"

"Unasema atakufa kwa wakati."

"Mama, hiyo si haki!"

"Si haki. Unafikiri mimi silijui hilo? Nimemfua, nimemlisha, nimemfundisha kufunga viatu kwa miaka miwili mizima, na muda wote huo niliishi ndani ya nyumba iliyonunuliwa kwa kifo chake. Kila siku yake ya kuzaliwa nilifurahi, na kila siku yake ya kuzaliwa nilihesabu. Wewe una watoto. Hebu jaribu kuhesabu hivyo, uone utalala vipi."

Howard akaita kutoka sebuleni, "Msigombane! Anakosa mpira!"

Marian akacheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa kile kitambaa. Alikuwa mtoto mwema, tena mwema kupita kiasi, yule ambaye tangu mdogo aliambiwa asubiri kwa sababu kaka yake ana shida, na akasubiri. "Haya," alisema. "Mwambie Bi Sethna aandike. Keith nitapambana naye mwenyewe."

Notisi ya kudai miaka tisini ikapelekwa kwa mwenye ardhi. Mwenye ardhi ilikuwa kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuiona uso, ila ilikuwa na mtu wake, Bwana Lovibond, kijana mwenye adabu nyingi na viatu vilivyong'aa, aliyekuja na mpimaji. Walipima vyumba, wakagonga kuta, wakafungua dirisha na kulifunga. Howard aliwafuata nyuma kila chumba akiwaonyesha swichi za taa zinavyofanya kazi.

"Ana furaha sana hapa," alisema Bwana Lovibond.

"Basi punguza bei," alisema Enid.

Bwana Lovibond akatabasamu, akasema angependa sana, kama ingekuwa juu yake. Siku zote haiwi juu yao, hawa. Mabishano ya bei yakavuka kiangazi chote. Bei ilipokubaliwa, benki ikaanza na lake: mara inataka karatasi hii, mara Keith aeleze kwa nini hana kazi, mara mtu wao yuko likizo. Sheria kwa upande wake haina likizo. Bi Sethna aliwaita Enid na Marian akawakalisha. Mkishakubaliana bei, alieleza, mnapewa muda wa miezi kadhaa wa kukamilisha, na wenu umetafunwa na benki mpaka umebaki mfupa. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ijumaa hiyo ama pesa zimelipwa, ama yeye amepeleka ombi mahakamani la kulinda haki yao, na akilipeleka lazima wawe na nia ya kulipa kweli, maana gharama za pande zote mbili zitawaangukia. Ikipita bila lolote, notisi imekufa, na hawaruhusiwi kuleta nyingine mpaka mwaka mzima upite.

"Haitapita," alisema Enid.

Jumanne ya wiki hiyo Howard akashikwa na kifua. Jumatano hakuamka vizuri, na gari la wagonjwa likamchukua. Ilikuwa nimonia, pande zote mbili. Walimlaza kitanda cha dirishani, wakamfunika uso kwa kifaa cha oksijeni, na mwili wake mfupi mnene, uliozoea kujaza kila kiti, ukaonekana umesinyaa chini ya shuka. Hakumjibu mama yake. Alipomshika mkono, mkono haukushika.

Mkopo ulitoka Alhamisi. Marian alifika hospitali Ijumaa saa sita mchana moja kwa moja kutoka jikoni kwa watoto wa shule, na Enid alimtazama akija kwenye ukumbi ule mrefu akaona kitu ambacho miezi yote hakuwa amejiruhusu kukiona. Mtoto wake amekonda. Kola ya koti ilikuwa imemwachia shingo. Nywele za mbele zilikuwa nyeupe.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Akawapeleka pembeni. "Dawa hazifanyi kazi tulivyotarajia," alisema. "Kwa mtu wa hali yake na umri wake, mapafu hayana nguvu. Kama kuna ndugu wa kuitwa, mwiteni leo. Sidhani kama ataiona kesho."

Akawaacha. Mama na binti wakakaa kwenye viti vya plastiki, na hakuna aliyelia, maana walikuwa wamechoka hata kwa hilo. Simu ya Marian ikaita. Alisikiliza, akafunika kwa kiganja.

"Ni Bi Sethna. Anasema pesa ziko kwake. Anataka neno lako azipeleke."

Enid aligeuka akautazama mlango wa wodi.

"Mama, sikuombi kitu," alisema Marian. "Kwa kweli siombi. Ukisema lipa, nalipa."

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Angeomba, Enid angemkatalia, kama alivyomkatalia Jumapili ile. Lakini Marian hakuomba. Alikaa pale na koti lake pana, amejikaza, anasubiri tena, kwa sababu kaka yake ana shida. Na Enid akawaza, Mungu amsamehe: nalipa kwa ajili ya nani? Mimi nitapata kona popote. Yeye usiku wa leo anakwenda zake. Nimwache huyu aliye hai abebe deni la kumlaza maiti? Alisimama, akaenda mlangoni, akamtazama Howard. Kifua kilipanda kwa shida, kikakaa, kikashuka. Akajaribu kumwona Howard akirudi nyumbani, hakumwona. Mwanamke huyu alikuwa ameapa hatamhesabia mwanawe tena, na nawaambieni aliapa kwa dhati. Lakini hofu na uchovu vikikutana na huruma, mtu hujikuta ameshafika mwisho wa hesabu kabla hajajua kwamba ameianza.

"Mwambie asizipeleke," alisema.

"Na mahakamani?"

"Asipeleke kitu. Arudishe pesa benki. Wewe nenda kanywe chai, mwanangu, unaanguka."

Marian akamkumbatia kwa nguvu, na Enid akahisi mifupa ya mgongo wa binti yake. Alifikiri amemwokoa mmoja angalau.

Saa kumi na moja jioni ofisi zote zikafungwa. Enid alikaa kitandani kwa mwanawe akamwimbia zile nyimbo za kanisani alizozipenda, akamwomba radhi kwa kila kitu, pamoja na hicho. Alimwambia apumzike sasa. Alimwambia asiogope, baba yake anamngoja. Asubuhi muuguzi alipokuja kumpima joto, alimpima mara mbili. Homa ilikuwa imeshuka. Jumapili wakamtoa kifaa usoni. Jumatatu Howard alifumbua macho, akamtazama yule daktari mpole, akauliza kama kuna pudini.

"Sijawahi kuona," alisema daktari kwa furaha ya kweli. "Ana moyo wa punda, huyu. Mkimtunza namna hii, Bi Garrod, mimi yale ya kliniki ya miaka mitatu siyaamini tena. Anaweza kwenda hata mitano, sita."

Enid akamshukuru. Alitoka ukumbini, akampigia Bi Sethna, akauliza alichokwisha kukijua. Ndiyo, alisema Bi Sethna, imekufa. Mwaka mmoja. Na baada ya mwaka, miaka ikiwa imepungua tena, bei itakuwa juu ya hii. Alikuwa mwema, hakusema zaidi. Benki ilikuwa imeshafuta mkopo, na Keith alipoambiwa kwamba huenda wakaomba upya mwakani alitoka nje akakaa ndani ya gari, akamwambia Marian kupitia kioo kwamba safari hii achague.

Walimrudisha nyumbani Alhamisi. Lifti ilikuwa mbovu, wale wanaume wawili wa gari la wagonjwa wakambeba kwenye kiti mpaka ghorofa ya tatu, na Howard akawapungia mkono majirani waliotoka milangoni kumpigia makofi. Ndani, aliposimamishwa, alijitoa mikononi mwao, akaenda mwenyewe chooni, akarudi, akazunguka meza bila kuigusa, akajitupa kwenye kiti chake. Alikuwa anahema, uso umemwiva kwa furaha.

"Nilisikia," alimwambia mama yake. "Mlidhani nakufa."

Enid alipiga magoti amvue viatu. Kamba zilimkatalia vidoleni.

"Mlidhani nakufa, wewe na Marian! Mkaniimbia!" Akacheka kicheko chake kile cha tumbo zima, akapiga mkono wa kiti. "Sikufa, Mama! Sikufa!"

"Hukufa, mwanangu," alisema Enid.

Jikoni, Marian alifungua bomba la maji mpaka mwisho, asisikike.